Vitu vigumu vimeota kwenye kioo cha tangi la maji chumvi, ni matumbawe au ni nini?

Msasani_Maji:

Wakuu habari za jioni, naomba wenye uzoefu na matangi ya maji chumvi mnisaidie maana hapa mtaani wafugaji wengi ni wa samaki wa maji baridi, haya mambo hawana habari nayo.

Nina tangi la lita 300 hivi hapa nyumbani Dar, nililichukua kwa jirani aliyehamia Afrika Kusini likiwa na kila kitu chake, mawe, nemo wawili, konokono, na matumbawe machache. Kuna yale laini yaliyokaa kama uyoga, kuna vile vya vifungo vifungo vya kijani na kahawia, halafu kuna tumbawe moja gumu la matawi, rangi ya waridi iliyofifia, lipo juu kabisa upande wa kushoto. Sijaongeza tumbawe lingine lolote tangu nilichukue na jiwe jipya sijaingiza.

Sasa leo nimesogeza taa ili nisafishe kioo cha nyuma, ule upande ambao mara nyingi nauacha, nakuta vidoa vya duara vimeganda kwenye kioo, bapa kabisa, vidogo vina kama milimita 3 na kikubwa kinafika sentimita moja. Rangi ni kahawia, pembeni kuna ukingo mweupe mwembamba. Nimepitisha kadi ya plastiki having'oki. Vingi viko karibu na mdomo wa pampu pale maji yanapotoka kwa nguvu na vingine vimepanda hadi kwenye bomba lenyewe.

Kingine, chini kwenye jiwe la katikati kuna vitu tofauti, hivi ni laini, vina shina fupi na minyiri mirefu inayopitisha mwanga, ukisogeza kidole vinajivuta ndani ya tundu fasta. Mwanzo kilikuwa kimoja sasa hivi vimekuwa vingi.

Hivi ni vitu gani? Vina madhara kwa nemo? Nikwangue vyote au niache? Wife anasema vya kwenye kioo vinapendeza ila mimi nina wasiwasi visije vikafunika tangi zima.

FundiTangi:

Mkuu hivyo vya kwenye kioo ni mwani wa chokaa tu, tafuta wembe ukwangue. Vya kwenye jiwe toa jiwe zima lichemshe dakika kumi, lisugue na mswaki, rudisha. Huku kwenye maji baridi mayai ya konokono yakizidi ndo nafanyaga hivyo na yanaisha kabisa.

BiMtende_Unguja:

Kaka Msasani, kabla ya yote, USICHEMSHE jiwe lolote la tangi hilo, na FundiTangi naomba usichukie lakini ushauri huo kwenye maji chumvi unaweza kumlaza mtu hospitali. Umesema una vile vya vifungo vifungo vya kijani na kahawia. Hao ndo zoanthidi, na ndani ya kundi lao kuna wanaobeba palitoksini, sumu kali sana, wanasayansi waliitenga mara ya kwanza kwa zoanthidi wa Hawaii na wakachapisha mwaka 1971. Ukiwachemsha au ukiwamwagia maji ya moto au ukawasugua kwa nguvu, sumu inapanda na mvuke mnaivuta nyumba nzima. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia ilisafisha tangi la nyumbani wakaishia hospitali wote, mpaka zimamoto waliokwenda kuwasaidia walipelekwa kuangaliwa. Alaska nako kuna visa vya watu walioumwa majumbani na madukani kati ya 2012 na 2014. Dalili zinaanza na ladha chungu au ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, kifua kubana, ganzi. Kwa hiyo ukishika mawe hayo vaa glavu na miwani, usishike ukiwa na kidonda mkononi, na watoto wakae mbali.

Sasa tuje kwenye vidoa vyako. Mwani wa chokaa upo kweli na unapenda vioo, lakini ule ni ukoko mtupu, ukiutazama kwa karibu hauna chochote kinachotokeza. Tumbawe lina polipu, vile vijinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri. Basi nakuomba ufanye hivi usiku wa leo. Zima taa za tangi, subiri saa moja au mbili, halafu chukua tochi uizibe na kitambaa ili mwanga uwe hafifu, zima pampu dakika chache maji yatulie, tazama vile vidoa kwa lenzi au kwa simu ukivuta picha karibu. Niambie mambo haya: kuna minyiri inatoka? Imekaa katikati tu au imesambaa juu ya kidoa chote? Ncha zake ni nyeupe au za kahawia? Na imetulia tuli au inachezacheza? Ukiweza kuhesabu minyiri ya polipu moja hesabu, maana matumbawe laini wengi wana minane na kila mmoja una vijinyoya pembeni, matumbawe magumu wanakwenda kwa sita, kumi na mbili na kuendelea.

Na nyingine, maji unayapata wapi na vipimo vyako vikoje? Alkalini hasa, yaani kiasi cha kaboneti kwenye maji.

Msasani_Maji:

Dada Bi Mtende asante sana, hilo la sumu sikuwahi kulisikia na jiwe sijaligusa.

Nimekaa na tochi mpaka usiku sana. Vidoa vina minyiri! Vile vidogo kabisa vina kama polipu moja katikati na nyingine mbili tatu zimeizunguka, kile kikubwa kina polipu nyingi mno zimejaa juu yake zimebanana, kila moja kama milimita moja tu kwa upana. Minyiri ni mifupi, ncha zina weupe. Nilihesabu kwenye moja iliyokuwa imefunguka vizuri nikapata kumi na mbili. Kati ya polipu na polipu kuna kama vumbi jeupe gumu. Asubuhi taa zilipowaka minyiri ikapungua lakini haikuisha yote.

Maji nachotewa na jamaa mwenye boti ya kupeleka watu visiwani, anachota nje huko wakati wa maji kujaa, nayapitisha kwenye kitambaa halafu yanakaa kwenye pipa na pampu. Chumvi 35, joto 26. Alkalini ndo inanisumbua, nikibadilisha maji inakuwa 8.5, kabla ya kubadilisha mara nyingine naikuta imeshuka hadi 7. Zamani ilikuwa haishuki hivyo. Kalsiamu 400.

BiMtende_Unguja:

Alhamdulillah, sasa tunazungumza. Kaka hayo ni matumbawe magumu, na mama yao unaye ndani ya tangi, ni lile la matawi rangi ya waridi kule juu kushoto. Kwa maelezo yako naona ni Pocillopora, na sababu zangu ni hizi.

Matumbawe mengi, Acropora kwa mfano, hutoa mayai na mbegu nje baharini, zinakutana juu ya maji, na kwenye tangi la nyumbani hilo ni nadra kufanikiwa. Pocillopora damicornis na baadhi ya ndugu zake wanafanya tofauti, wao wanalea mabuu ndani ya polipu halafu wanayaachia yakiwa tayari, na kuachia huko kunafuata mwezi unavyoandama. Buu lenyewe ni kijitu cha milimita moja hivi, linaogelea lenyewe, na limeshapewa na mama yake ule mwani mdogo unaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha kwa mwanga, ndo maana vidoa vyako vimekuwa kahawia tangu vikiwa vidogo. Tena utafiti wa Australia na Hawaii umeonesha sehemu kubwa ya mabuu ya jamii hii ni nakala ya mama, hayahitaji baba, kwa hiyo tumbawe moja peke yake ndani ya tangi linatosha kujaza kioo.

Buu likipata mahali linapopapenda linajibandika, linajibapaza, linaanza kujenga kikombe cha chokaa, ndiyo ile polipu ya katikati uliyoiona. Halafu linachipua nyingine pembeni yake, zinazunguka, kidoa kinapanuka kama chapati kwanza, baadaye ndo kinainua matawi. Ule ukingo mweupe ni ukuaji mpya, hapo chokaa imeshatangulia na nyama bado haijapata rangi. Ni dalili ya afya kabisa.

Kwa nini karibu na pampu? Mkondo. Pocillopora huku kwetu ukizamia utalikuta kwenye mawimbi, ukingo wa mwamba, mahali maji hayalali. Na kwenye kioo cha nyuma huwa hupitishi sumaku ya kusafishia, kwa hiyo hayakukwanguliwa yakiwa bado hayaonekani. Kioo cha mbele huenda yanatua pia ila unayafuta bila kujua.

Na alkalini kushuka ndo ushahidi wa mwisho. Chokaa ya mifupa inajengwa kwa kalsiamu na kaboneti za kwenye maji. Kidoa kimoja hakiwezi kushusha kitu ila vikiwa vingi pamoja na mama mwenyewe akinenepa, lazima utaona.

Lipo moja la kuacha wazi. Stylophora naye ni ndugu wa karibu, naye analea mabuu vilevile, na wakiwa bapa hivyo wanafanana sana. Subiri vipandishe matawi. Pocillopora tawi lake lina vinundu vinundu juu na polipu zinakaa hadi juu ya vinundu. Stylophora tawi ni laini halina vinundu na kila kikombe kina kama kijipaa kidogo upande mmoja. Mtazame mama yake kwanza, kama ana vinundu basi jibu unalo leo leo.

Msasani_Maji:

Ana vinundu! Matawi yote yamejaa vinundu hadi nchani. Kwa hiyo haikutoka kwenye maji ya baharini? Maana mimi nilishaanza kudhani jamaa wa boti kaniletea mbegu.

BiMtende_Unguja:

Mabuu ya baharini kuingia kwenye ndoo yanaweza, siwezi kusema haiwezekani, na mabuu ya Pocillopora yanaweza kukaa majini zaidi ya siku mia kabla hayajatua, ndo maana jamii hii imesambaa kutoka huku kwetu hadi upande wa pili wa Pasifiki. Ila ukiwa na mama ndani, vidoa vyote sura moja, vyote viko kwenye mkondo unaotoka kwake, mimi nakwenda na mama. Tena unapitisha maji kwenye kitambaa.

Ila muda wa masika angalia hayo maji. Mvua ikinyesha mito inamwaga tope na chumvi inashuka karibu na ufuo wa Dar, mwambie jamaa achote mbali, siku za bamvua maji yakiwa yamejaa, na upime chumvi kila pipa.

Mswahili_Leeds:

Salaam kutoka Uingereza, mimi nafuga huku na haya ya Pocillopora ni kawaida sana, huku watu wanayakuta hadi ndani ya sampu (lile tangi dogo la chini la kuchujia), kwenye skima (chombo cha kutoa uchafu kwa povu), kwenye mabomba. Naunga mkono kila alichosema Bi Mtende naongezea ya vile vya kwenye jiwe maana naona havijajibiwa.

Shina fupi, minyiri mirefu inayopitisha mwanga, kinajivuta fasta, kilikuwa kimoja sasa vingi. Kaka hiyo ni Aiptasia, anemoni magugu, mnyama laini ndugu wa matumbawe. Hiyo ndo ya kuwa na wasiwasi nayo, sio vidoa vya kioo. Inachoma matumbawe ya jirani na inazaliana kwa kukatika, kipande kidogo cha mguu kikibaki kwenye jiwe kinakuwa anemoni mzima. Kwa hiyo usiikwangue, usiiponde, usiivute na kibanio, utaigawa iwe kumi.

Njia ninayoipenda mimi ni chokaa safi ya kalsiamu haidroksaidi, unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, unazima pampu, unachukua sirinji unaiwekea polepole juu ya mdomo wake ikiwa imefunguka, inaufunika, unaacha robo saa ndo unawasha pampu. Fanya chache kwa siku, usifanye zote kwa pamoja maana chokaa ikizidi pieichi (kipimo cha uchachu wa maji) inapanda na nemo wataumia. Huku wengine tunaweka kamba wadogo wa Lysmata wurdemanni wanaila, ila ni wa Karibi, kwa Dar sidhani kama utawapata kirahisi. Na usifanyie karibu na vile vifungo vifungo bila glavu na miwani.

Halafu alkalini. Usiirukishe kwa mkupuo. Baikaboneti ya soda ile safi ya kuokea, gramu 6 kwenye lita 200 za maji zinapandisha karibu digrii moja, kwa hiyo kwako lita 300 ni gramu 9. Toa hesabu ya mawe na mchanga kwanza, lita zako halisi za maji zitakuwa pungufu. Koroga kwenye maji, mimina polepole penye mkondo, na usizidishe digrii moja kwa siku. Ukishajua inashuka kiasi gani kwa siku unaweka kidogo kidogo kila siku, matumbawe yanapenda kitu kisichoyumba kuliko namba kubwa. Kalsiamu 400 siyo mbaya, ila ipime mara kwa mara nayo itaanza kushuka.

Nyali_Boy:

Nafuatilia kutoka Mombasa. Swali langu ni hili, kama vinazaliana hivyo na baadaye vikajaa, si angevibandua tu akavirudishe baharini? Huku kwetu mwaka 1998 matumbawe yalipauka vibaya sana, na 2016 tena, mimi naona ingekuwa msaada.

BiMtende_Unguja:

Ndugu yangu wa Nyali nia yako naielewa, na uchungu huo tunao sote, mimi nimeshuka maji ya Unguja wakati wa joto nikaona fungu zima limekuwa jeupe, huwezi kusahau. Lakini hapana, kilichokaa kwenye tangi hakirudi baharini. Tangi linakuwa na vijidudu, mwani, minyoo na magonjwa kutoka sehemu mbalimbali, mawe yale hatujui jirani aliyapata wapi. Ile Aiptasia aliyonayo kaka hapa inaweza kusafiri chini ya kijiwe bila kuonekana. Bahari ya Mediterania mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana 1984 chini ya jumba la akwariamu la Monaco ukasambaa kwenye maelfu ya hekta. Venezuela kuna tumbawe laini la matangini, Unomia, limefunika miamba yao wenyewe. Samaki simba wa huku kwetu sasa wamejaa Florida na Karibi na wanakula vitoto vya samaki wa kule.

Wanaopandikiza matumbawe baharini wanachukua vipande vya fungu hilohilo, wanavikuza hukohuko kwenye vitalu vya chini ya maji, kwa kibali. Pocillopora lenyewe huwa ni kati ya yanayorudi mapema fungu likiharibika kwa sababu ya hayo hayo mabuu yake, likiachwa bila kuvunjwavunjwa na nanga na miguu linajipanda.

Na kinyume chake pia kaka Msasani, jamaa wa boti asikuletee tumbawe kutoka visiwa vya Mbudya wala Bongoyo hata kama ni kipande kilichovunjika. Ile ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yote duniani yapo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukivuka nayo mpaka bila karatasi ni kesi.

Msasani_Maji:

Nimeelewa vizuri sana na nimefurahi kuliko nilivyotegemea, wife kaitwa aje aangalie na tochi naye kahesabu minyiri. Aiptasia tatu nimezipiga chokaa leo kama kaka wa Leeds alivyosema, zimejikunja hazijafunguka mpaka sasa. Swali la mwisho, vile vilivyo kwenye mdomo wa pampu naogopa vitaziba. Nivitoe lini na vipi bila kuviua?

Mswahili_Leeds:

Kwenye kioo acha, havina shida. Kwenye mdomo wa pampu toa mapema maana vikiingia ndani ya tundu mkondo unapungua.

Vikiwa bapa ni vyembamba sana, vinavunjika vipande vipande, kwa hiyo kama bomba linafunguka chomoa kile kipande cha mdomo, nunua kingine, na hicho chenye matumbawe kikate na msumeno mdogo ukibandike kwenye jiwe na supaglu ya jeli, inashika hata ndani ya maji. Kama haufunguki subiri kidoa kianze kuinua tawi la sentimita moja au mbili, zima pampu, ingiza wembe mpya ulale kabisa na plastiki, sukuma taratibu kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, mkono wa pili ukinge chini kisidondoke mchangani. Tangi lako kama ni la akriliki, yaani plastiki ngumu, usitumie wembe kwenye kuta, litachunika, tumia kadi ngumu. Kikivunjika usitupe, vipande vyenye nyama bandika vyote, vingi vitashika. Siku mbili tatu polipu zitakuwa zimejifungia ndani, hiyo ni kawaida.

Vibandike mbali kidogo na vile vya vifungo vifungo na mbali na jiwe lenye Aiptasia mpaka uimalize. Na sehemu yenye mkondo, usivifiche nyuma ya jiwe.

BiMtende_Unguja:

Naongeza hapo, vikishashika tuwekee picha za mchana na za usiku, na uandike tarehe za kuonekana vidoa vipya ulinganishe na mwandamo wa mwezi. Mimi ningependa kweli kuziona hizo tarehe.

Nyali_Boy:

Mimi naomba kimoja ukija Mombasa… ah, karatasi za mpakani. Basi picha zitatosha.

Msasani_Maji:

Nitaweka zote. Daftari nimeshafungua, nimeanza na vidoa vilivyopo nimevipima kwa rula na kuvichora mahali vilipo kwenye kioo.